Colin Chapman: fundi wa Lotus aliyetoa malame nyuma ya gari

Kila mutu anayesafiri katika barabara za huku Mashariki anajua malame. Inama nyuma ya kamyo lililobeba maharagi ao mbao, utaona vyuma virefu vimelazwa kimoja juu ya kingine, vimefungwa kwa nguvu kwenye ekseli. Vikikatika, fundi anatoa kimoja, anaweka kingine, safari inaendelea. Ni kitu cha zamani kuliko gari lenyewe, juu hata magari ya farasi yalikuwa nayo.

Mwaka wa 1963, Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 35 alichukua gari la kawaida la Ford, akatoa malame yote ya nyuma, akaweka resori za kuzunguka zilizovishwa juu ya amortisere. Ekseli aliiacha vilevile, ekseli nzima, chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma na diferansieli katikati. Gari hilo lilishinda mashindano makubwa. Lilivuja pia mafuta, na kisha miaka miwili tu malame yakarudi pahali pake. Jina la yule fundi ni Colin Chapman, na ile hadisi ya gari moja inaonyesha karibu maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, karibu na London. Jina lake kamili ni Anthony Colin Bruce Chapman. Baba yake alikuwa anasimamia nyumba ya kunywea pombe yenye kuitwa Railway Hotel, mtaa wa Hornsey, kaskazini mwa London, na kijana alikomalia hapo. Kisha vita ya pili ya dunia aliingia University College London kusomea ujenzi wa vyuma: madaraja, mapaa, nguzo. Hakusomea magari. Hiyo ni ya kukumbuka, juu maisha yake yote aliangalia gari kama vile mwenye kujenga daraja anavyoliangalia: uzito unapita wapi, chuma gani kinabeba, chuma gani kinakaa bure. Kwenye chuo alijifunza pia kuendesha ndege, na hesabu ya ndege ni ileile, kila kilo ina bei yake.

Wakati wa masomo alikuwa anauza magari yaliyotumika pamoja na rafiki. Biashara iliwaendea muzuri mpaka mwaka wa 1947, serikali ya Uingereza ilipokata mafuta ya petroli kwa watu wa kawaida. Nani atanunua gari bila petroli? Bei zilianguka, faida ikapotea. Chapman alibaki na gari moja tu ambalo halikupata mnunuzi, Austin Seven ya zamani. Kwa kuwa halikuuzika, alilivunja na kulijenga upya ndani ya garaji ndogo ya wazazi wa rafiki yake wa kike, Hazel Williams. Hilo ndilo lilikuwa Lotus la kwanza, mwaka wa 1948.

Huyu Hazel ni wa kutajwa zaidi kuliko vile watu wanavyomtaja. Tarehe 1 Januari 1952, wakati kampuni ya Lotus Engineering ilianza rasmi, feza za kuanzia zilikuwa paundi 25, na ni Hazel aliyezikopesha. Usini yao ilikuwa stabu ya zamani ya farasi nyuma ya nyumba ya pombe ya baba. Walioana mwaka wa 1954 na wakazaa watoto watatu.

Gari lililowapa chakula katika miaka ya kwanza ni Lotus Mark VI. Chapman alikuwa anauza shasi ya mabomba membamba yaliyosudeywa pamoja, nyepesi sana, na mteja mwenyewe anatafuta moteri na ekseli kwenye gari la Ford lililokufa. Uzuri wa mpango huo ni kwamba gari lililouzwa kwa vipande halikulipiwa ile kodi kubwa ya magari mapya. Kijana mwenye mshahara mdogo aliweza kulijenga nyumbani mwisho wa juma na kwenda nalo kwenye mashindano. Mwaka wa 1957 likafuata Lotus Seven, dogo zaidi, bila milango ya kweli, bila kitu chochote cha anasa. Nyuma yake kulikuwa ekseli nzima, ile ya bei ndogo, lakini imesimamishwa na amortisere zilizovishwa resori.

Hapa tuingie kidogo chini ya gari, juu bila hiyo mtu hawezi kuelewa kilichotokea baadaye.

Lame inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza wote wanaijua: kubeba uzito na kupunguza mitetemo. Ya pili haionekani: lame ndiyo inayoshika ekseli pahali pake. Inaizuia isiende mbele ao nyuma, isikimbie upande gari likikata kona, na isijizungushe yenyewe wakati moteri inasukuma ao breki inakamata. Resori ya kuzunguka haiwezi kufanya hata kimoja cha vitu hivyo. Inabeba tu. Ukitoa malame na kuweka resori za kuzunguka bila kitu kingine, ekseli itatembea chini ya gari kama mutu aliyelewa. Kwa hiyo lazima kuongeza mikono ya chuma: ya kuvuta mbele na nyuma, na mwingine wa kuzuia upande. Kila mkono unahitaji pahali pa kufungwa, na pahali hapo panapokea nguvu ambazo mbele hazikuwako.

Kwa nini basi kujitesa hivyo? Kwanza uzito: malame ni mazito, na sehemu ya uzito wake inapanda na kushuka pamoja na ekseli. Gurudumu likibeba uzito mkubwa linachelewa kurudi chini kisha kuruka shimo, na gurudumu lililo hewani halishiki barabara. Pili, malame yanasuguana yenyewe kwa yenyewe, mwendo wake hauko laini. Tatu, lame inajipinda. Moteri yenye nguvu ikisukuma kwa gafula, lame inajikunja kama herufi S na ekseli inarukaruka. Mikono ya chuma haijipindi, na dereva anajua kila mara magurudumu yake ya nyuma yako wapi. Tena amortisere na resori zikiwa kitu kimoja, fundi anazitoa pamoja na kubadilisha nguvu ya resori kwa haraka kati ya shindano moja na lingine.

Chapman alijua hayo yote. Mwaka wa 1960, kwenye Lotus Seven ya namna ya pili, aliweka chini ya ekseli chuma chenye umbo la herufi A. Miguu miwili ya A ilifungwa kwenye shasi, na kichwa chake kilifungwa chini ya diferansieli. Chuma kimoja kilifanya kazi ya viwili ao vitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake, kila kipande kifanye kazi nyingi, na kile kisichokuwa na kazi kitupwe.

Kisha ikaja kampuni Ford. Walter Hayes, aliyekuwa anashugulikia sifa za Ford Uingereza, alitaka Cortina mpya ishinde kwenye mashindano. Cortina lilikuwa gari la familia, la mwalimu ao la mwenye duka. Chapman alikuwa na moteri mpya ya Lotus, yenye kipimo cha 1558 na nguvu ya farasi 105, iliyojengwa juu ya moteri ya Ford. Wakaelewana: Ford itatuma karoseri za milango miwili, Lotus itaweka moteri na kubadilisha vingine, na magari 1000 yatajengwa, juu kanuni ya mashindano iliomba hesabu hiyo ili gari likubaliwe kuwa la kuuzwa kwa watu.

Kazi ilifanyika kwenye usini ya Lotus huko Cheshunt. Milango, kifuniko cha moteri na kifuniko cha kofre vikawa vya aliminyumu. Nyumba ya diferansieli pia ikawa ya aliminyumu. Magari yalikuwa meupe na mstari wa kijani kwenye ubavu, na hata leo mwenye kuyajua anayatambua toka mbali.

Nyuma ndiko Chapman aliweka mkono wake zaidi. Malame nje. Amortisere zilizovishwa resori zikasimamishwa wima kila upande. Mkono mmoja wa kuvuta kila upande, umefungwa mbele karibu na pahali malame yalikuwa yanaanzia. Na katikati ile A yake, kichwa kikiwa kimefungwa chini ya diferansieli. Shida ya kwanza ilionekana palepale: karoseri ya Cortina haikufanywa ili ipokee uzito juu ya amortisere. Kwenye malame uzito unaingia mbele na nyuma ya lame, kwenye sakafu. Sasa ulikuwa unasukuma juu, pahali ambapo kulikuwa bati tu. Ikabidi kuongeza vyuma vya kusaidia nyuma ya kiti na ndani ya kofre. Vyuma hivyo vikachukua nafasi, gurudumu la akiba likahamishwa na kulazwa upande wa kushoto wa kofre. Batri nayo ikatolewa mbele na kuwekwa nyuma ili kusawazisha uzito. Hivyo njo kazi ya gari inavyokuwa: unagusa kitu kimoja, vitu vitano vinasogea.

Kwenye mashindano lilikuwa ajabu. Mwaka wa 1964 Jim Clark, mtoto wa wafugaji kutoka Scotland na piloti mpendwa wa Chapman, alichukua ubingwa wa Uingereza wa magari ya kawaida akiwa na Lotus Cortina. Picha zake zimebaki: gari linakata kona, gurudumu moja la mbele liko hewani kabisa, na Clark ametulia ndani kama mutu anayekwenda sokoni.

Kwa wateja ilikuwa hadisi nyingine. Ile A ilikuwa inavuta na kusukuma chini ya diferansieli kila wakati gari linapokata kona, linapoongeza mwendo, linapopiga breki. Nguvu zote hizo zilipita kwenye nyumba ya aliminyumu ambayo ilikuwa imeumbwa kwa ajili ya kushika meno ya diferansieli tu. Taratibu nyumba ilikuwa inatikisika, bulo zinalegea, mafuta yanaanza kutoka. Na mafuta yalidondokea wapi? Juu ya vile vipira vinavyoitwa silanbloki, palepale kwenye kichwa cha A. Mafuta yanalainisha mpira, mpira ukilainika chuma kinacheza zaidi, kikicheza zaidi bulo zinalegea zaidi. Mwenye gari anaona doa chini ya gari kila asubui. Asipolishugulikia, diferansieli inakauka na kuungua.

Fundi yeyote wa kwetu anayefikiria kuondoa malame ili aweke resori za kuzunguka anaweza kusimama hapo na kufikiri. Resori hazikuvunjika. Amortisere hazikuvunjika. Kilichoshindwa ni pahali pa kufungia mikono. Chapman alichukua nguvu iliyokuwa imegawanyika sehemu nne za sakafu, akaielekeza sana kwenye kichwa kimoja kidogo chini ya kitu laini.

Mwaka wa 1965 Ford ilikata neno. Lotus Cortina ikarudishiwa malame, pamoja na mikono miwili ya kuvuta, kama Cortina GT. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wamesahau: ni Cortina GT, lenye malame nyuma, lililokuwa limeshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka wa 1964, kwenye matope na mashimo ya Kenya, Uganda na Tanganyika, likiendeshwa na Peter Hughes na Bill Young. Barabara zinazofanana na zetu zilikuwa zimekwisha kutoa jibu lao. Lakini tusimukosee Chapman: yeye alijenga gari kwa ajili ya lami.

Wakati hayo yanaendelea yeye mwenyewe alikuwa mbali, kwenye mashindano ya Formula 1. Mwaka wa 1962 aliondoa shasi ya mabomba na kujenga gari kama sanduku la bati lililokunjwa, kwa mfano wa ndege. Mwaka wa 1963 Clark akawa bingwa wa dunia. Mwaka wa 1965 tena, pamoja na ushindi wa Indianapolis huko Marekani. Mwaka wa 1966 usini ikahamia Hethel, mkoa wa Norfolk, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani cha vita. Kwa jumla, akiwa hai, Lotus ilichukua ubingwa wa watengenezaji mara saba, na mapiloti wake ubingwa wa dunia mara sita. Mwaka wa 1968 yeye ni kati ya wa kwanza waliopaka gari la Formula 1 rangi za kampuni ya sigara ili apate feza, na leo hakuna gari la mashindano lisilokuwa na matangazo.

Lakini kuna orodha nyingine. Mwaka wa 1960, kwenye mashindano ya Ubelgiji, gurudumu la Lotus ya Stirling Moss lilitoka katika mazoezi na Moss akavunjika vibaya. Siku hiyohiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika, na Taylor hakurudi tena kwenye Formula 1. Siku ya shindano lenyewe Alan Stacey akafa akiwa ndani ya Lotus, ijapo ajali yake ilitokana na ndege wa porini aliyempiga usoni. Tarehe 7 Aprili 1968 Jim Clark alitoka barabarani huko Hockenheim, Ujerumani, akagonga miti na kufa. Chapman alikuwa amempenda kama ndugu, na waliomjua wanasema kifo hicho kilimbadilisha. Mwaka wa 1970 Jochen Rindt, ambaye alikuwa amelalamika wazi kwamba magari ya Lotus ni mepesi kupita kiasi na yanavunjika, alikufa Monza, Italia. Hesabu zake zilitosha tayari, akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Hakuna mwingine katika historia ya mashindano hayo.

Je, Chapman alikuwa na kosa? Magari yote ya wakati ule yalikuwa yanaua, si Lotus peke yake. Ila ile tabia ya kuondoa kila gramu iliyoonekana bure, mpaka karibu na mpaka wa chuma, ilikuwa yake. Doa la mafuta chini ya Cortina ya mwalimu ni usumbufu tu. Tabia ileile kwenye gari linalokimbia kilometa 300 kwa saa ni kitu kingine. Mapiloti walilijua, na bado walitaka kuendesha magari yake, juu yalikuwa ya mbio kuliko mengine.

Mwaka wa 1978 alirudi juu kabisa na gari lililonyonywa chini na upepo wake mwenyewe, na Mario Andretti akawa bingwa. Mwaka uleule aliingia katika shauri lililoharibu jina lake. Mmarekani John DeLorean alikuwa amepata feza nyingi za serikali ya Uingereza ili ajenge usini ya magari karibu na Belfast, Ireland ya Kaskazini, pahali penye vita na ukosefu wa kazi. Lotus ilipewa kazi ya kulitayarisha gari hilo. Malipo yalipitia kampuni moja yenye anwani huko Geneva, iliyoitwa GPD, na zaidi ya dola milioni 17 zilipotea njiani. Usini ya Belfast ikaanguka mwaka wa 1982, wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Chapman alikufa gafula kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54, wakati uchunguzi ulikuwa unamkaribia. Kuna watu waliosambaza kwamba hakufa, kwamba alikimbilia Amerika ya Kusini, lakini hayo ni masimulizi ya mtaani. Mwaka wa 1992 mtu wake wa hesabu, Fred Bushell, alikubali kosa mbele ya tribinali ya Belfast na kufungwa miaka mitatu. Jaji alisema kwamba kama Chapman angekuwa hai na kusimama pale, angepata miaka isiyopungua kumi.

Lotus Seven haikufa naye. Mwaka wa 1973 aliuza haki za gari hilo kwa kampuni Caterham, na hadi sasa linaendelea kujengwa. Mwaka wa 2013 Caterham ilitoa modeli ya bei ndogo, na ili kupunguza garama ilirudi kwenye ekseli nzima, iliyotoka kwenye gari dogo la Suzuki, ikasimamishwa kwa resori za kuzunguka na amortisere.